TB na CTC (kliniki ya VVU) siku moja, mliofanya mlianzaje?
Habari za humu wakuu. Mimi ni nesi kituo cha afya cha kijijini, kwetu kliniki ya TB ni Jumanne halafu CTC Alhamisi, yaani mgonjwa mwenye vyote viwili analipa bodaboda mara mbili na wengine wanaishia kuacha dozi. WHO walishasema tangu 2004, na 2012 wakarudia, hizi huduma ziende pamoja, sasa nimeambiwa niandike pendekezo la kuziunganisha. Kinachonitisha ni maambukizi, hawa wa CTC wengine kinga iko chini, nikiwakalisha benchi moja na anayekohoa si nawamaliza? Halafu anayemeza rifampisini (dawa ya TB), DTG yake (dawa ya VVU) inabidi apewe asubuhi na jioni, nani awe anafuatilia hiyo? Naombeni uzoefu wenu jamani, pendekezo linatakiwa Ijumaa.