Mnaowauzia madereva "baiodizeli" ya mafuta ya chipsi, mnatuulia injini

Wakuu leo nina hasira sizunguki. Kuna jamaa huku Iringa wanauza madumu ya kitu wanakiita baiodizeli, bei chini ya sheli, wanawaambia madereva changanya nusu kwa nusu na dizeli chuma inatembea tu. Dereva wangu kauziwa hiyo, Hiace ya injini ya 2KD, zile za komoni reli, saivi ipo gereji, pampu inapiga kelele, nozeli zinavuja, asubuhi na hii baridi inawaka kwa kubembelezwa, moshi mweupe mtaa mzima, na mlima Kitonga na abiria ndo kabisa usiiambie.

Tuelewane, ile sio baiodizeli, ni mafuta ya kukaangia yaliyochujwa basi. Baiodizeli yenyewe mafuta yanachanganywa na methanoli na kostiki soda, gliserini inajitenga inatolewa, yanaoshwa, yanakaushwa maji, ndo yanakuwa mepesi yakakaribiana na dizeli. Ukiruka hapo una mafuta ya kula tu, ambayo hata yakiwa nyuzi 40 bado ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli. Sasa injekta ya komoni reli, mfumo wa kisasa wa bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, inarusha kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 kwenye vitundu vidogo mno, kitu kizito hakitoki kama mvuke kinatoka matone, hakiungui chote, kinaganda kaboni kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi, kingine kinashuka kwenye oili mpaka inakuwa uji. Afu unaambiwa gari yako ilikuwa mbovu toka zamani!

Na ile hadithi yao ya maonesho ya Paris 1900, eti injini ya Diesel, yule mgunduzi mwenyewe, ilitembea na mafuta ya karanga. Ni kweli ilitembea, ila ilikuwa na komoni reli ile? Wenye injini za 3L za pampu ya kizamani zinavumilia kidogo, msije kuniletea ushahidi hapa.

Indonesia mwaka 2023 walianza kuchanganya asilimia 35 ya baiodizeli ya mawese lakini inatoka kiwandani imepimwa, Ulaya dizeli ya kawaida mwisho asilimia 7, nyie nusu kwa nusu hata maji hamjapima.

Muuzaji nimempigia ananiambia nibadilishe filta. FILTA!! Mwenye fundi pampu wa uhakika Iringa au Mbeya, mwenye mashine ya kupimia nozeli sio wa kusikilizia kwa bisibisi, anitajie hapa.