Njia ya ndege 35T pale Resolute Bay: dira ikikataa, rubani anashika nini?

MwanafunziWaAnga
Wakuu, habari za muda huu. Nasomea urambazaji wa anga na nimekwama kwenye chati za kaskazini ya Kanada. Pale Resolute Bay, Nunavut, njia ya kurukia imeandikwa 17T na 35T. Naelewa namba ni uelekeo wa njia kwa makumi ya nyuzi, na T maana yake nyuzi zimehesabiwa kutoka kaskazini halisi, si ya sumaku. Sasa kama dira haiaminiki kule, rubani anashika nini? GPS tu? Na NDB, ule mtambo wa redio wa ardhini ambao mshale ndani ya ndege huuelekea, mtambo wa kizamani vile, bado wa nini? Naombeni mnieleweshe taratibu, mtihani uko karibu.

FundiMasafa
Karibu mkuu. Mimi ni fundi wa redio za viwanja vya ndege, na kaskazini ya Kanada nimefanya kazi. GPS ndiyo inayotumika zaidi siku hizi, ila kuitegemea peke yake kule ni kujitafutia balaa.

Tuanze na dira. Resolute iko karibu nyuzi 75 kaskazini. Huko sumaku ya dunia inavuta kuelekea chini ardhini, na nguvu inayobaki ya kuuelekeza mshale ni hafifu mno, kwa hiyo unayumba ovyo. Badala yake rubani anatumia jairo, yaani chombo chenye gurudumu linalozunguka kasi ili kushikilia uelekeo. Jairo nayo isiporekebishwa, mzunguko wa dunia peke yake unaipotosha zaidi ya nyuzi 14 kwa saa kwenye latitudo ile.

Sasa hiyo NDB unayoiita ya kizamani. Mshale wake unafuata antena iliyosimama pale chini, kaskazini iko wapi haiuhusu. Ndiyo maana naithamini sana. Lakini uisikilize kwanza: fungua sauti, subiri herufi za kituo kwa milio ya Morse (mifupi na mirefu), zilinganishe na chati, kisha uache zisikike kwa mbali mpaka utue. Kwenye vipokezi vingi vya zamani kituo kikizimika hakuna alama ya kukuonya. Mshale unabaki palepale umetulia, kumbe hauonyeshi chochote. Na ndege ikipita kwenye theluji kavu, umeme tuli unajaa mikwaruzo masikioni na mshale unaanza kutangatanga.

MwanafunziWaAnga
Shukrani fundi. Na mawasiliano je? Kuna mnara wa kuongozea?

FundiMasafa
Vijiji vingi vya Nunavut havina mnara. Kuna kituo cha redio cha uwanja, na mhudumu wake mara nyingi ni mwenyeji wa hapohapo. Anakupa upepo, shinikizo la hewa na hali ya njia. Ruhusa ya kutua hatoi, uamuzi ni wako.

VHF, redio ya kawaida ya ndege, inakwenda mstari ulionyooka: ukiwa futi 10,000 unafika kama maili 120 za baharini, ukishuka nyuma ya kilima umepotea. Mbali zaidi ya hapo ni HF, redio ya masafa marefu, na HF ya ncha za dunia ina adui wake. Jua likichafuka, anga la juu linameza mawimbi, na ukimya unaweza kuendelea hata siku kadhaa. Satelaiti zilizotulia juu ya ikweta ukiwa Resolute ziko chini sana karibu na upeo, na ukipita kama nyuzi 81 hazionekani kabisa. Iridium, mtandao wa simu za satelaiti, ndiyo inayookoa, kwa sababu satelaiti zake 66 zinapita juu ya ncha zenyewe.

DadaKokpiti
Mdogo wangu, soma ajali ya Agosti 20, 2011, First Air 6560, hapohapo Resolute. Boeing 737 ilikuwa inakuja 35T kwa ILS (mfumo wa redio wa kumwongoza rubani hadi kwenye njia), mawingu chini. Mfumo wa dira ulikuwa umekosea nyuzi 8 mwanzoni mwa kushuka, kosa likafika 17. Wakasogea kulia bila kukaa kwenye mstari. Rubani msaidizi alisema zaidi ya mara moja kwamba wako nje ya njia. Wakagonga kilima mashariki ya uwanja. Watu 15 ndani, wakapona 3.

FundiMasafa
Dada, umegusa penyewe. Ile lokalaiza, sehemu ya ILS inayoonyesha mstari wa katikati ya njia, ilikuwa inasema kweli. Boriti yake inatoka kwenye antena za uwanjani, haipiti kwenye dira ya mtu. Mshale ukigota pembeni na jairo inadai mko sawa, na mwenzako anakwambia mmetoka, hapo hakuna cha kubishana. Paeni kwanza, mtajadiliana mkiwa juu.

Mwanafunzi, wakikuuliza taa: viwanja vingi vya kule rubani anaziwasha mwenyewe kwa redio. Uko kwenye masafa ya uwanja, unabonyeza kitufe cha maiki mara 7 ndani ya sekunde 5, zinawaka kwa mwanga mkali kabisa dakika kama 15. Ukikaribia ukaona zinakuumiza macho, kwenye aina inayoruhusu, mara 5 zinapungua, mara 3 zinapungua zaidi, na kila ukibonyeza muda unaanza upya. Bonyeza tena kabla hujaingia hatua ya mwisho, zisije zikazimika ukiwa futi 200.