Boti ikiacha gati Mkoani naingiwa na hofu, nifanyeje?

Mpemba_Msafiri: Assalaam alaykum jamani. Kila boti ikiondoka Mkoani moyo hunienda mbio, midomo na vidole hufa ganzi, pumzi hainitoshi, na hainiachi mpaka bandari ya Malindi, Unguja. Alhamisi nina usaili mjini. Nataka mbinu ya kupumua tu, mengine nimeshayapanga.

Bi_Karafuu: Waalaykum salaam, mwanangu. Ubongo ukihisi hatari haukungoji ufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwa sekunde chache, moyo ukakimbia kupeleka damu misulini. Ukihema haraka unatoa kaboni dioksaidi kupita kiasi, ndiyo hiyo ganzi. Usivute pumzi kubwakubwa, hapo ndipo wengi wanapojiharibia! Vuta kwa pua hesabu nne, toa taratibu hesabu sita, tumbo ndilo lipande, si kifua. Dakika tano, na uanze kabla kamba hazijafunguliwa.

Hayo "mengine" ni yepi?

Sharifu_Chake: Soma dua ya safari, na kahawa iache asubuhi hiyo, inazidisha kiherehere cha moyo. Tangu meli ya Spice Islander izame Nungwi 2011 ikija kwetu, nani asiyeiogopa bahari ile?

Mpemba_Msafiri: Nimepewa vidonge vya propranololi, vya kutuliza mapigo ya moyo, miligramu 40. Nitameza kimoja saa moja kabla ya boti. Si dawa ya kulevya, wengi wanaitumia.

Bi_Karafuu: Una pumu?

Kijana_Darajani: Uzi wa kutunga huu. Hofu ya ghafla hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Yeye yake inadumu mpaka Malindi? Na swali la pumu amelikimbia.

Mpemba_Msafiri: Wallahi situngi. Pumu ninayo tangu udogoni, lakini ni ndogo. Kwenye boti navuta pampu kila nikihisi kubanwa, mara sita, saba. Na kidonge ni kimoja tu, Bi mkubwa.

Bi_Karafuu: Basi Kijana kauliza la maana. Salbutamoli ya kwenye pampu yenyewe hukimbiza moyo na kutetemesha mikono. Unaivuta kwa hofu, moyo unazidi, unadhani hofu imerudi, unavuta tena. Na propranololi hufunga milango ileile ambayo salbutamoli hupitia kulegeza njia za hewa. Kidonge kimoja kinatosha kubana mapafu, na pampu isifue dafu, katikati ya bahari. Usikimeze!

Kesho nenda hospitali ya Abdalla Mzee na pampu na vidonge vyako, wasikilize kifua. Kifua kikilia filimbi au ukiwa na shaka, vuta pampu. Ukishindwa kumaliza sentensi, hiyo ni dharura, mwite baharia.

Kijana_Darajani: Nafuta neno langu, ndugu yangu. Ukitoka hospitali pitia gatini, ukae ukitazama boti mpaka moyo utulie wenyewe. Ukiondoka ungali na hofu, ubongo unajifunza kuwa kukimbia ndiko kulikokuokoa.

Mpemba_Msafiri: Kidonge nimekiweka kando. Sijakitupa.

Bi_Karafuu: Usikitupe. Kiende nawe kwa daktari.