Mjadala: Mwanamke mtu mzima akipenda kijana kwenye filamu, nani anayemzeesha?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili kwa filamu zenyewe. Mwanaume mtu mzima akimpenda binti kwenye sinema, hayo ni mapenzi tu na umri hauzungumzwi. Entrapment ya 1999 ilimweka Sean Connery, mzaliwa wa 1930, na Catherine Zeta-Jones wa 1969. Hiyo ni miaka 39! Kibao kikigeuka, mwanamke akawa ndiye mkubwa, umri wenyewe unageuka kuwa hadithi. Hata mitaani kwetu majina yapo tayari: shuga mami, mshangazi, na kijana wake ni marioo.

Msimamo wangu ni kwamba kosa huanzia kwenye usaili wa waigizaji. Chukua The Graduate ya 1967, filamu ya kijana aliyemaliza chuo anayetongozwa na mke wa rafiki wa baba yake, Mrs. Robinson. Anne Bancroft aliyeigiza mama huyo alizaliwa Septemba 1931. Dustin Hoffman, kijana mwenyewe, ni wa Agosti 1937. Hata miaka sita haijatimia kati yao. Katharine Ross, aliyekuwa binti wa Mrs. Robinson, ni wa Januari 1940, yaani mama kamzidi mwanawe miaka minane. Watazamaji wakafundishwa kwamba mwanamke wa miaka 35 ndiye mzee.

Mchangiaji wa pili
Hesabu yako ni sahihi, na mchezo huo ni wa zamani zaidi. Kwenye North by Northwest ya 1959, mama wa Cary Grant (1904) aliigizwa na Jessie Royce Landis wa 1896, na mpenzi wake na Eva Marie Saint wa 1924.

Anayetaka kupima filamu yoyote achore safu tatu: mwaka wa kuzaliwa wa mwigizaji, umri wa mhusika, umri wa mtoto wa mhusika. Halafu atoe mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa filamu, aone umri wa kweli wa mwigizaji. Tumia mwaka wa kupiga picha, si mwaka filamu ilipotoka, maana kazi hukaa muda mrefu kwa mhariri na hapo ndipo wengi hukosea. Na haya hayajaisha: mwaka 2015 mwigizaji Maggie Gyllenhaal alisimulia kwamba akiwa na miaka 37 aliambiwa amezeeka mno kuwa mpenzi wa mwanaume wa miaka 55.

Mchangiaji wa tatu
Mmesahau taa. Taa kali ya upandeni huchora kila mkunjo wa ngozi. Taa pana iliyolainishwa kwa kitambaa cheupe, ikakaa mbele na juu kidogo ya macho, pamoja na ubao mweupe chini ya kidevu wa kurudisha mwanga, hufuta vivuli vya macho na shingo. Makosa hutokea pale mwanaume anapopewa taa ya upandeni ili aonekane ameiva, mwanamke akafungiwa kichujio cha kulainisha. Picha zikiunganishwa, ngozi ya mmoja ina mistari na ya mwingine ni kama ukungu, na jicho la mtazamaji linajua kuna kinachofichwa. Dawa yake ni lenzi ileile, kichujio kilekile na uwiano uleule wa mwanga kwa wote wawili.

Mchangiaji wa nne
Mimi napinga. Hata angeletwa mwigizaji wa miaka 45, Mrs. Robinson angeishia palepale, kwa sababu skripti ndiyo hakimu. Kuna tukio wako kitandani, kijana anamlazimisha wazungumze, tunagundua mama huyu alisoma sanaa chuoni, akapata mimba, akaolewa. Pale filamu ilikuwa na binadamu kamili mkononi. Ikamwachia njiani. Kuanzia hapo ni adui wa mapenzi ya vijana, na jina lake la kwanza hatulisikii hadi mwisho. Hilo linaniuma kuliko hesabu za miaka.

Linganisheni na Ali: Fear Eats the Soul, filamu ya Rainer Werner Fassbinder ya 1974, ya Emmi, mjane anayefanya usafi huko Munich, anayeolewa na Ali, fundi kutoka Morocco aliye mdogo kwake sana. Brigitte Mira, aliyemwigiza Emmi, alizaliwa 1910 na anaonekana hivyo hivyo. Mtoto wa kiume akisikia habari za ndoa anapiga televisheni teke. Aibu iko kwa watoto na majirani, si kwenye mwili wa Emmi.

Mchangiaji wa pili
Kwa Emmi nakuunga mkono. Lakini angalia woga wa watayarishaji hata sasa. Riwaya ya The Idea of You ina kijana wa miaka 20. Filamu ya 2024 ikampandisha hadi 24, na Anne Hathaway na Nicholas Galitzine wamepishana karibu miaka 12 tu.

Mchangiaji wa tano
Babygirl, ya 2024 pia, mnaiweka wapi? Nicole Kidman ni bosi wa kampuni, kijana yuko kwenye mafunzo kazini hapohapo. Mwishoni mama hafi wala hafukuzwi kazi. Ni hatua, ila bosi na aliye chini yake ni suala la mamlaka, awe mwanaume au mwanamke. Tusilifunike kwa furaha ya kumwona mwanamke mtu mzima akitamani.

Mleta mada
Hapo kwenye mamlaka umenisogeza, na mchangiaji wa nne pia sina cha kumbishia. Naongeza safu ya nne: nani anamlipa nani. Ijaribuni kwa Good Luck to You, Leo Grande ya 2022. Emma Thompson, mzaliwa wa 1959, ni mwalimu mstaafu, mjane, anayemlipa kijana chumbani hotelini. Anavuka mpaka, anachimbua jina halisi la kijana, kijana anaondoka kwa hasira. Mama anarudi kuomba radhi. Amekosea, ameambiwa, na hadithi haikumgeuza zimwi. Tukio la mwisho amesimama uchi mbele ya kioo, anajitazama bila kuficha tumbo.