San Marzano kutoka mbegu: miche inarefuka, matunda yanaoza kitako

Tuta_Sakina
Wakuu, habari za shamba. Nina mbegu za San Marzano, zile nyanya ndefu za Italia zenye nyama nyingi na mbegu chache, nzuri kwa rojo. Si chotara. Nafasi ni tuta la mita 4 kwa 1.2 nyuma ya nyumba, Sakina, Arusha. Miche kwenye trei imerefuka kama uzi, mingine imekatika shingoni. Msimu uliopita nyanya za aina ya Tanya nazo zilipata doa jeusi kavu kitakoni. Kosa liko wapi, na nisie lini?

Babu_Kitalu
Kukatika shingoni ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche: udongo umelowa muda wote na miche imesongamana. Mche ukishalala hauinuki, usipoteze dawa. Anza upya na udongo wa msitu sehemu 3, samadi iliyoiva 1, mchanga wa mtoni 1. Mbegu moja kila tundu, kina sentimita 1, maji asubuhi tu.

Kurefuka ni njaa ya mwanga. Nyasi za kufunika ziondoke siku ile ile mbegu zinapochungulia. Ukichelewa siku mbili, umeshapata uzi. Ile iliyorefuka lakini ni mizima usiitupe: wakati wa kupandikiza ifukie mpaka karibu na majani ya kwanza, shina litatoa mizizi.

Arusha sia mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha. Ukipanda katikati ya mvua, bakajani chelewa, ugonjwa wa majani unaopenda unyevu, inamaliza tuta kwa wiki moja. Wiki ya tano, mche ukiwa na majani 4 au 5, pandikiza jioni. Siku 7 kabla punguza maji na uuzoeze jua. Huku Moshi kuna joto zaidi, mwisho wa Mei tunasia.

Mama_Mboga_Tengeru
Kuhusu kitako: si ugonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo dawa ya ukungu ni hela ya bure. Tunda limekosa kalisi (madini ya kalsiamu), na mara nyingi kalisi ipo udongoni ila maji hayakuja kwa mpangilio. Ukimwagilia leo, ukaacha siku tano, kisha ukafurisha, lazima kitako kioze. Nyanya ndefu ndizo zinazoathirika zaidi, na San Marzano iko mstari wa mbele. Wape lita 3 hivi kila shina, kila baada ya siku 2, chini kwenye mizizi. Tandaza majani makavu ya mgomba unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Urea nyingi nayo inaongeza tatizo: majani yanakimbia, tunda linabaki nyuma.

Tuta_Sakina
Asante mama. Maganda ya mayai je? Na vichipukizi nikate vyote kama nilivyofanya kwa Tanya?

Mama_Mboga_Tengeru
Maganda yanaoza polepole mno, hayataokoa tunda la msimu huu.

Babu_Kitalu
Hapo kwenye Tanya ndipo ulipojinyima mavuno! Tanya na Roma ni fupi, zinazaa kwenye matawi ya pembeni. Toa yale ya chini tu yanayogusa udongo. San Marzano ndiyo inayopanda bila kukoma: acha bua moja au mawili, vichipukizi vya kwapani uvinyofoe vikiwa na urefu wa kidole. Mti wa mita 2 uchomeke siku ya kupandikiza, usije ukakata mizizi baadaye. Nafasi sentimita 60 kati ya mche na mche.

Chunguza majani kila siku 3. Ukiona mabaka meupe ndani ya jani ni kantangaze, kiwavi anayekula jani kwa ndani. Nyofoa, funga kwenye mfuko uache juani, usitupe kwenye mboji.

Mbegu za mwakani: chagua matunda yaliyoiva kabisa kutoka mashina matatu au manne yenye afya, kamulia kwenye kikombe na maji kidogo, acha siku 3 mpaka povu litokee juu. Suuza, anika kivulini juu ya sahani. Kwenye karatasi zinang'ang'ania.