Kitabu cha Black Beauty: yule farasi alikufa pale Ludgate Hill, London? Na aliyeandika ni nani?

Jalada Lilipotea
Wakuu, nina deni la utotoni, naomba mnisaidie kulilipa.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, nyumbani kulikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi. Jalada hakina, na kurasa za mwisho mtu alishazichana. Msimulizi ni farasi. Kwa kuwa jina la mwandishi halikuonekana popote, niliamini kabisa kwamba kaandika farasi mwenyewe. Kilichonitatiza ni kimoja tu: kalamu aliishikaje na zile kwato?

Waliokisoma wanajua. Anauzwa, anauzwa tena, na majina yanabadilika. Kwa Jerry, dereva wa gari la farasi la kukodi huko London, anaitwa Jack. Kuna yule kijana wa zizini, Joe Green, niliyemchukia kwa moyo wote, maana farasi karudi anatoka jasho usiku, ametoka kukimbilia daktari, yeye akampa maji baridi ndoo nzima na blanketi hakumfunika. Nusura amuue. Halafu siku ile mkokoteni unapita umebeba farasi aliyekufa, shingo nyembamba inaning'inia, usoni ana mstari mweupe. Farasi wetu anadhani ni Ginger, rafiki yake, tena anatumaini ni yeye kweli, ili taabu zake ziwe zimekwisha. Hapo nililia hadi mama akaja kuuliza nani kanipiga.

Nakala yangu iliishia Ludgate Hill. Abiria wanne na mizigo tele. Mtoto wa kike anamsihi baba yake kwamba farasi huyu kachoka, hataweza. Baba hasikii. Farasi anateleza, anaanguka chini. Ukurasa umekwisha, kitabu kimekwisha. Miaka zaidi ya thelathini yule farasi bado amelala barabarani kichwani mwangu.

Je, alikufa? Na nani aliyetufanyia hivi?

Bibi wa Rafu ya Tatu
Hakufa, mwanangu. Mengine sikuambii. Haki za kitabu hicho zilishakwisha muda siku nyingi, unakipata bure mtandaoni. Kasome mwenyewe.

Mwandishi ni Anna Sewell, Mwingereza, alizaliwa Great Yarmouth mwaka 1820 katika familia ya dhehebu la Kikristo la Marafiki, wale wanaoitwa Quaker. Mama yake, Mary, naye alikuwa mwandishi. Anna akiwa na miaka 14 alikuwa anarudi nyumbani kutoka shule, mvua inanyesha, akateleza akaumia vifundo vya miguu. Hakupona sawasawa tena maisha yake yote. Kutembea kidogo tu ilikuwa mateso, kwa hiyo safari zake zikawa za gari la farasi, na mara nyingi hatamu alishika mwenyewe. Ukijua hilo, ile namna anavyosimulia jiwe lililokwama kwenye ukwato au goti lililochubuka unaisoma kwa jicho jingine.

Kitabu alikianza mwaka 1871 akiwa Old Catton, karibu na Norwich, na kukimaliza kulimchukua miaka sita hivi. Mwili ulimkatalia. Kuna siku alimtajia mama yake maneno tu, na siku akipata nguvu aliandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi, mama akavinakili safi. Kilitoka Novemba 1877. Aprili 1878 akafariki. Hakuandika kingine.

Mkata Kauli
Mimi nitasema ukweli wangu: kile kitabu kina mahubiri mno. Pombe mbaya, Jumapili usifanye kazi, mpande farasi kwa adabu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa naruka aya nzima nzima kumtafuta Ginger.

Mshika Hatamu
@Mkata Kauli, sikukatalii kuhusu Jumapili. Ila hukuandikiwa wewe wala mimi tukiwa watoto. Aliwalenga wanaofanya kazi na farasi, madereva na vijana wa mazizi. Nimefanya kazi na farasi miaka kumi na miwili na bado namwona yuko sahihi.

Chukua kile kigwe cha kumvutia farasi kichwa juu, kilichomtia Ginger wazimu. Farasi mwenye mzigo akipanda mlima anainamisha kichwa, uzito anausukuma kwa mabega. Ukimfunga kichwa juu ili apendeze, nguvu hiyo umemnyima. Pumzi inabana, lijamu inamkata, povu linamtoka. Kwenye kitabu yule bibi tajiri alikuwa anaagiza kikazwe, kisha kikazwe tena. Yalikuwa mapambo tu, ndiyo fasheni ya magari ya kifahari. Inasimuliwa kwamba siku ya maziko ya Anna, mama yake aliona farasi wa msafara wamefungwa hivyo hivyo, akaamuru vigwe vifunguliwe kabla hawajaondoka.

Jalada Lilipotea
Nimesoma. Usiku huu huu, kwenye simu, sura mbili za mwisho.

Kwa hiyo pale Ludgate Hill walimwinua. Akapelekwa mnadani kama gofu, na mjukuu wa mzee mmoja mkulima akamshika babu yake mkono wakamnunua. Hayo nimeyapokea vizuri. Kilichoniangusha ni baadaye, kwa akina dada waliomchukua mwishoni. Mtunza farasi anamsafisha, mara anasimama. Anahesabu: nyota nyeupe kwenye paji la uso, mguu mmoja mweupe, halafu katikati ya mgongo lile doa dogo la nywele nyeupe. Anamtambua, karibu alie. Nani? Joe Green! Yule yule wa maji baridi!

Miaka thelathini namlaani kijana wa watu, kumbe mwenyewe alikuwa ananingoja ukurasa wa mwisho.

Kile kitabu bado ninacho. Kesho nazichapa hizo sura mbili, nizishone kwa uzi pale palipochanika.

Bibi wa Rafu ya Tatu
Tumia uzi mnene, mwanangu. Mwembamba unakata karatasi.