Gari limegongwa nyuma, bampa limerudi lenyewe: nisaini malipo ya bima au nifungue kwanza?

Mkazi_wa_Kimara

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, nimepewa mpaka Ijumaa niwe nimejibu.

Gari ni Toyota IST NCP61, automatiki. Lilikuwa limesimama kwenye foleni Barabara ya Morogoro, pikapu ikaligonga nyuma upande wa kulia. Trafiki walifika, wakapima, mchoro upo, na dereva wa pikapu amekiri kosa. Mimi nina bima kubwa (inalipa hata gari langu mwenyewe), yeye ana bima ndogo (inamlipa aliyegongwa tu). Stika yake ya bima nimeihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya gari, iko hai.

Asesa (mkadiria hasara) wa kampuni yake ya bima alipiga picha saba, hakuvua hata skrubu moja. Wameniandikia 780,000: kunyoosha mlango wa buti, kupaka rangi bampa na taa moja. Pamoja nayo kuna hati ya kusaini, imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho".

Bampa lilibonyea likarudi, ukiwa mbali huoni kitu. Lakini mlango wa buti lazima niubamize mara mbili, usukani umekaa kushoto kidogo nikienda moja kwa moja, nyuma kunagonga kwenye matuta, na nikiwa kwenye foleni nimefunga vioo nasikia harufu ya moshi ndani. Nisaini? Na kama sisaini, nianzie wapi?

Nyundo_na_Rula

Usisaini. Ila kabla ya mambo ya hela, hiyo harufu ya moshi ndiyo ya kwanza. Kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu, unachonusa ni gesi nyingine zinazosafiri nayo. Mpaka likaguliwe, liache nyumbani. Ikibidi kulisogeza, fungua vioo vya mbele, weka feni ichukue hewa ya nje badala ya kuzungusha ya ndani, na usimwache mtoto amelala ndani injini ikiwa inawaka. Usifungue mlango wa buti ukidhani unapitisha hewa, gari likitembea moshi unavutwa ndani kwa nyuma.

Kwa pigo la namna hiyo moshi una njia tatu. Ekzosti ikisukumwa mbele, gasketi ya kiungio chenye boliti za springi hufunguka au bomba hupasuka kwenye weldi. Mlango wa buti ukiwa haukai sawa, raba yake haigandamizi kona moja. Ya tatu wengi hawaijui: nyuma ya bampa, pembeni, kuna vijidirisha vya plastiki vyenye vilimi vya raba vya kutolea hewa ya ndani. Bampa likibonyea huving'oa, halafu likirudi linaficha tundu. Humo hupita moshi, vumbi na maji ya mvua.

Sasa kwa nini bampa linadanganya. Kava yake ni plastiki laini, inajikunja na kurudi. Chuma hakirudi. Baadhi ya magari madogo ya soko la Japani hayana hata chuma kizito cha bampa nyuma, kwa hiyo pigo linaenda moja kwa moja kwenye beki paneli (bati la bodi lililo nyuma ya bampa, chini ya mlango wa buti), kisha sakafu ya buti, kisha miguu miwili ya chasisi iliyo chini yake. Mlango unaobamizwa mara mbili maana yake komeo lililofungwa kwenye beki paneli limesogea. Ukinyoosha mlango peke yake umetibu kitu ambacho hakiumwi.

Haya unaweza kuyaangalia leo bila kufungua boliti:

Toa zulia la buti na tairi la spea. Angalia mikunjo kwenye sakafu, hasa kulia, na silanti (gundi ya kuziba) ya viungio kama imepasuka. Mpasuko mpya ni safi ndani, wa zamani umejaa vumbi. Piga picha.

Pima tundu la mlango wa buti kwa mshazari: kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kinyume chake. Tumia alama zilezile pande zote, mfano tundu la boliti la kiwandani, siyo ukingo wa raba. Tofauti ya milimita 2 au 3 inavumilika. Ikizidi 5, bodi limesogea.

Linganisha nafasi kati ya mlango wa nyuma wa kulia na bodi, juu na chini, na ule wa kushoto. Ikiwa imebana juu na kuachama chini, au kinyume, pigo limefika mbali kuliko buti.

Mwisho, nyoosha magurudumu ya mbele, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kulia na kushoto. Andika namba zote mbili.

Shokapu

Naongezea ya chini. Nyuma ya IST hakuna mikono ya kurekebisha, kuna bimu moja inayojipinda, imeshikwa na bushi (viungio vya raba) mbili kubwa mbele yake. Alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) ya nyuma haina pa kuzungusha spana. Ikisoma vibaya, ama bimu imepinda, ama bushi imechanika, ama pale inapofungwa kwenye bodi pamesogea.

Ndiyo maana usukani umekaa kushoto. Nyuma inasukuma gari kuelekea upande, na wewe unalirudisha kwa usukani bila kujua. Kosa linalofanyika gereji nyingi: fundi anarekebisha mbele peke yake mpaka usukani unyooke, mteja anaondoka ameridhika, kumbe gari linatembea upandeupande kama kaa na tairi za nyuma zinalika ubavu mmoja. Dai alaimenti ya magurudumu yote manne, na dai karatasi ya vipimo iliyochapwa KABLA hawajagusa chochote. Hiyo karatasi ndiyo ushahidi wako kwa asesa. Mistari ya kusoma ni tou ya nyuma kila upande (gurudumu limeelekea ndani au nje kiasi gani) na pembe ya msukumo (upande ambao magurudumu ya nyuma yanasukumia gari).

Kugonga kwenye matuta: anza na rahisi. Raba za ekzosti zimevutwa zote upande mmoja? Bomba linagusa bimu? Kisha bushi, kisha maunti (vishikizo vya raba) za juu za shokapu. Shika ekzosti ikiwa baridi, uitikise.

Usisahau mbele. Gari lililosimama likigongwa, bodi hutangulia na injini inabaki nyuma kidogo, kwa hiyo kagua maunti za injini na gia: raba iliyochanika, au mtikisiko mkubwa ukitoa P kwenda D. Siti za mbele nazo zilibeba uzito wako wote kwa nyuma, angalia kama mgongo wa siti unacheza kwenye bawaba. Kama kulikuwa na kiti cha mtoto, maelekezo ya mtengenezaji wake ndiyo ya kufuata, na wengi wao wanataka kibadilishwe baada ya ajali. Kiingize kwenye dai.

Dogo_wa_Spea

Mkuu chukua 780,000. Fundi wa mtaani anakuvutia hiyo beki paneli kwa mnyororo kwa laki tatu, unabaki na chenji.

Nyundo_na_Rula

@Dogo_wa_Spea hapana, ndugu yangu. Kuvuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti kunarudisha sura, hakurudishi vipimo. Anayevuta hana namba ya kufikia, anaacha mlango ukifunga tu. Na chuma kilichokunjwa kikipashwa moto mpaka chekundu ili kilegee, kinapoteza ugumu wake. Ajali inayofuata hapo ndipo patakapojikunja kwanza, na tangi la mafuta haliko mbali.

Beki paneli iliyokunjwa hubadilishwa: inakatwa kwenye viungio vya kiwandani, mpya inachomelewa kwa nukta, inapakwa praima ya zinki kwenye weldi, silanti juu, na nta ndani ya matundu yaliyofungwa. Kwa hewa ya chumvi ya Dar, weldi isiyokingwa ndani haichukui muda kuanza kutu, na hutaiona mpaka rangi ivimbe. Kabla ya kuchomelea, betri ikatwe kwenye hasi na fundi asubiri sekunde 90 au zaidi kwa ajili ya mfumo wa eabegi.

Tathmini

Upande wa madai. Ndugu Mkazi, usikimbilie kuvua bampa kwa fundi wako. Ukifungua peke yako, kampuni itasema uharibifu ulikuwepo zamani au umetokea gereji, na huna cha kuwajibu.

Andika barua leo, na nakala kwa barua pepe: umepokea makadirio, hujayakubali, kuna dalili za uharibifu uliofichika (zitaje zote nne), na unaomba ukaguzi wa pili gari likiwa limefunguliwa. Taja gereji, tarehe na saa, wape siku mbili au tatu za kazi. Wasipokuja, fungua mbele ya mkaguzi wa magari wa polisi au mtathmini huru. Kila picha iwe mbili: moja ya mbali inayoonyesha namba ya gari, moja ya karibu yenye rula. Profoma (makadirio ya gereji) itenganishe spea, kazi na rangi. Ile ya jumla jumla ndiyo wanayoipunguza kirahisi.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulikosa. Toa taarifa kwa kampuni YAKO pia, hata kama huna nia ya kudai kwao. Mkataba wa bima kubwa unataka taarifa ya ajali mapema, na ukichelewa wanaweza kukataa. Halafu ukisaini ile hati ya kampuni ya aliyekugonga, unafuta haki yako dhidi ya yule dereva. Kampuni yako ikishakulipa, hurithi haki hiyo ili ikamdai. Ukiwa umeshaifuta, na wao watakugomea. Saini moja inafunga milango miwili.

Njia ipi ni bora? Kupitia bima ndogo ya aliyekugonga hukatwi mchango wako wa kwanza (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) na punguzo lako la kutodai (punguzo la ada kwa asiyedai) haliguswi, na unaweza kudai gharama za usafiri wakati gari liko gereji (tunza risiti). Ubaya wake, huna mkataba na kampuni ile, hivyo inaburuza miguu, na kuna kikomo cha mali kwenye bima yake. Kupitia bima kubwa yako ni haraka zaidi, ila utakatwa mchango, na angalia thamani uliyoandikisha. Kama gari ni la milioni 12 na uliandikisha milioni 9, matengenezo ya milioni 3 watayalipa kwa robo tatu, yaani 2,250,000, kabla ya makato mengine.

Kama shingo inauma, hata kidogo, chukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na uende hospitali. Maumivu ya shingo mara nyingi huja siku ya pili au ya tatu.

Bi_Makame

Samahani kuingilia. Yangu ni Aqua, imegongwa nyuma pia. Ni yaleyale?

Shokapu

@Bi_Makame bodi ni yaleyale, ila betri kubwa ya haibridi kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma. Usiruhusu weldi wala kuvuta kabla fundi wa haibridi hajachomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika 10 umeme uishe kwenye kapasita. Nyaya za rangi ya chungwa zikaguliwe kama zimebanwa au kuchubuka.

Mkazi_wa_Kimara

Wakuu, mrejesho. Asesa alikuja, tumefungua mbele yake. Beki paneli imeingia milimita 28 kulia, sakafu ina mkunjo, mshazari wa buti unatofautiana milimita 9. Kijidirisha cha hewa cha kulia hakipo, gasketi ya ekzosti imefunguka, bushi ya kulia ya bimu imechanika. Kutoka habu hadi habu, kulia ni pafupi kwa milimita 6.

Profoma mpya ni 2,985,000: beki paneli na kuchomelea 620,000, sakafu na chasisi kwenye benchi la vipimo 750,000, ekzosti 180,000, bushi mbili 140,000, taa 160,000, bampa na vishikio 240,000, mlango wa buti 250,000, rangi 585,000, alaimenti 60,000. Asesa amekubali uharibifu wote, ila anataka kukata asilimia 30 ya jumla kwa sababu gari ni la zamani.

Tathmini

Makato ya uchakavu yanaingia kwenye vitu vinavyochakaa kwa kutumika, kwa sababu hapo unapata kipya badala ya kilichochoka. Bushi ni halali kuzijadili: ukikubali nusu, ni 70,000. Ekzosti nayo kama ilikuwa na kutu, jadilini. Lakini beki paneli haichakai kwa kuendesha, na kazi ya fundi, benchi, rangi na alaimenti havina umri. Asilimia 30 ya jumla ni 895,500. Mjibu kwa barua mstari kwa mstari, muulize kila mstari anakata kwa msingi gani.

Wakikaza, hamishia dai kwenye bima kubwa yako wakati hujasaini chochote, au peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Dai la madhara dhidi ya dereva mwenyewe lina ukomo wa miaka 3 kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kwa hiyo Ijumaa waliyokupa ni tarehe yao, haikufungi wewe. Ukifika kusaini, iandikwe kwamba malipo ni ya vitu vilivyotajwa kwenye profoma ya tarehe fulani, na kwamba uharibifu mwingine utakaoonekana wakati wa matengenezo utapelekwa kama makadirio ya nyongeza.

Nyundo_na_Rula

Siku ya kuchukua gari, usilipokee jioni. Pima mshazari tena, habu hadi habu tena, chukua karatasi mpya ya alaimenti uiweke pamoja na ya kwanza. Mwambie mtu amwage maji kwa mpira kwenye taa za nyuma na kona za mlango kwa dakika 10 wewe ukiwa umejifungia ndani na tochi, zulia la buti likiwa nje. Halafu injini iwake, funga vioo vyote, na mtu azibe bomba la ekzosti kidogo kwa kitambaa kinene: ukisikia mlio wa kupiga chafya chini ya sakafu, gasketi bado.